Adui wa uyoga hukamatwa mlangoni

Tangu mvua za masika zianze, wasikilizaji wa kipindi hiki wananiuliza swali moja kwa maneno tofauti. Wa Makorora anauliza, wa Mikanjuni anauliza, na hapa kwetu Chumbageni nimeulizwa hata nikiwa dukani nasubiri mkate. Swali lenyewe ni hili: "Nimeotesha uyoga uani, mchumo wa kwanza ulikuwa mzuri, sasa mifuko imejaa vidudu. Nipulizie dawa gani?"

Nitajibu kwanza, kisha nitaeleza. Usipulizie dawa yoyote juu ya uyoga. Uyoga ukishachomoza, vita ya wadudu imekwisha kupiganwa. Ama umeshinda ama umeshindwa. Adui wa uyoga hukamatwa mlangoni, kabla hajaingia. Akishaingia, unachoweza kufanya ni kumpunguza na kujiandaa kwa mifuko ijayo.

Jibu hili haliwafurahishi wengi, kwa sababu sisi watu wa mjini tumezoea kwamba kila mdudu ana chupa yake dukani. Kwa hiyo naomba tuende pamoja taratibu, ili kila mmoja aone sababu kwa macho yake.

Tuanze na uyoga wenyewe. Uyoga wa porini si mgeni mkoani kwetu; mvua zikinyesha watu wa vijijini huuchuma kwenye vichuguu na chini ya miti. Kilicho kipya ni kuuotesha nyumbani, mjini, ndani ya mifuko. Aina inayopendwa zaidi ni ile iitwayo oyista, yenye kofia pana iliyokaa upande kama sikio, au kama kombe la baharini. Haitaki shamba. Chumba kimoja cha uani, mifuko ya nailoni, mabua makavu ya mpunga au makapi ya mkonge, na chupa ya mbegu iliyokuzwa juu ya punje za mtama, vyatosha kuanza.

Na mkonge ndio jina la Tanga. Uliingia mwaka 1893, pale Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida, Marekani. Miche hiyo ilipitia bandari ya Hamburg, na kati ya miche 1,000 iliyoagizwa, 62 tu ndiyo iliyofika huku ikiwa hai. Kutokana na hiyo michache yakatokea mashamba makubwa tunayoyajua. Lakini jani la mkonge likipita kwenye mashine ya kusinga, ile ambayo wenyewe mashambani huiita korona, nyuzi zinazopatikana hazizidi sehemu tano katika mia moja ya uzito wa jani. Zilizobaki ni maji na makapi, na kwa miaka mingi makapi hayo yalirundikwa yakaoza bure. Mwaka 2008 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na mwenzake walichapisha matokeo ya kuotesha aina tatu za uyoga wa kienyeji juu ya makapi ya mkonge yaliyoozeshwa kwa utaratibu. Uyoga uliota. Kwa hiyo mama wa Tanga anayejaza makapi ya mkonge kwenye mfuko habahatishi. Anafanya jambo lililokwisha kujaribiwa.

Sasa, uyoga si mmea. Hauna majani ya kijani ya kujipatia chakula kutoka kwenye jua. Uyoga ni kuvu, na mwili wake hasa ni ule utando mweupe unaotambaa ndani ya mabua ukiyala polepole. Kile tunachokitia kwenye chungu ni tunda tu. Utando huchukua wiki mbili hadi nne kuujaza mfuko, ukiwa umefungwa na umewekwa gizani. Ukishajaa, ukipewa hewa, mwanga kidogo na unyevu mwingi, huchomoza vichwa vidogo kama vya njiti za kiberiti, na baada ya siku tatu hadi tano umekuwa tayari kuchumwa. Mfuko mmoja hutoa michumo mitatu hivi, na kati ya mchumo mmoja na mwingine hupita wiki moja au mbili. Zishikeni hizo siku tatu hadi tano, maana tutazirudia.

Angalieni basi tumejenga nini uani: chumba chenye giza, kisichokauka, chenye joto la pwani, na ndani yake chakula laini kisicho na ganda wala miiba. Tumewajengea wadudu nyumba ya wageni, chakula kikiwamo.

Adui wa kwanza, tena mkubwa kuliko wote, ni vijinzi vidogo vyeusi, vyembamba kama mbu mchanga. Mtu akiviona hudhani ni vijidudu vya ndizi mbivu, akapuuza. Vijinzi hivi huvutwa na harufu ya utando. Jike mmoja huweza kutaga mayai zaidi ya mia moja ndani ya mabua, na mayai huangua mabuu meupe yenye kichwa cheusi. Mabuu hula utando, kisha hutoboa bua la uyoga na kupanda ndani yake hadi kwenye kofia. Kwa joto la kwetu, kutoka yai hadi kijinzi kamili huchukua wiki tatu hivi.

Hapo ndipo lilipo jibu la wale wanaoshangaa kwamba mchumo wa kwanza ulikuwa safi na wa pili ukaharibika. Kijinzi kilichotaga siku ile ulipokuwa ukichanganya mbegu, watoto wake wanapata mabawa wakati vichwa vya kwanza vinachomoza. Wewe unafurahia mchumo, wao wanataga. Ukifika mchumo wa pili, wajukuu wamekwisha jaa mfukoni. Wadudu hawakuja wiki ile ulipowaona; walikuja mwezi mmoja kabla. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Kijinzi kina ubaya mwingine. Kikitua kwenye mfuko mchafu na kisha kwenye mfuko safi, hubeba miguuni chembe za kuvu nyingine, na hubeba pia utitiri. Adui wa pili kwa hiyo mara nyingi huletwa na wa kwanza. Huyu ni kuvu ya kijani, inayoanza kama doa jeupe na kugeuka rangi ya majani. Hupenda mfuko ambao mabua yake hayakuchemshwa vya kutosha, au yamejaa maji. Doa hilo likienea, utando wa uyoga hushindwa na mfuko huwa umekufa. Wakati mwingine mfukoni huota vyoga vyembamba vya rangi nyingine, ambavyo hukupanda. Usivionje. Uyoga usioufahamu haujaribiwi kwa ulimi.

Wa tatu ni koa na konokono. Hawa hufanya kazi usiku, na alama yao ni njia ya ute unaong'aa pamoja na kofia zilizotafunwa pembeni. Konokono mkubwa wa pwani ni mwenyeji wetu halisi. Asili yake ni ukanda huu wa Afrika Mashariki, na kutoka huku amesafirishwa karibu dunia nzima. Mwaka 1966 mtoto mmoja alitoka Hawaii na konokono watatu mfukoni akaingia nao Florida. Wakazaliana, na serikali ya huko ilitumia miaka kadhaa na takriban dola milioni moja kuwamaliza. Florida walituletea mkonge, nao wakapokea konokono wetu. Lakini konokono na koa ni maadui wepesi. Hawaruki. Tochi, ndoo na dakika kumi baada ya saa mbili usiku huwapunguza kuliko dawa yoyote, na mstari wa majivu makavu au chokaa kizingitini huwazuia, mradi usilowane.

Wengine nitawataja upesi. Panya hufuata punje za mtama zilizomo kwenye mbegu. Mende hutafuna vichwa vichanga. Mchwa huja kula mabua yenyewe. Dawa yao ni moja: rafu iliyoinuliwa kutoka sakafuni, miguu yake imesimama ndani ya makopo ya maji yenye mafuta kidogo juu, na ukuta usio na nyufa.

Juma lililopita nilikwenda kumtembelea mwalimu mmoja mstaafu hapahapa Chumbageni, ambaye ana mifuko themanini katika chumba chake cha uani. Fedha za uyoga ndizo zinazomlipia mjukuu nauli na daftari, na mchumo wake wa pili ulikuwa umeharibika karibu wote.

"Shikamoo mwalimu," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Karibu uone msiba wangu."

Alinionyesha mifuko, kisha akanionyesha chupa ndogo ya maji ya kunywa, ndani yake mna kitu cheupe kama maziwa. Alikuwa ameuziwa katika duka fulani la dawa za mifugo na mimea. Chupa haikuwa na jina la dawa, wala kipimo, wala onyo. Aliambiwa tu achanganye kifuniko kimoja kwa ndoo moja.

"Ulipulizia?" nikamuuliza.

Akanyamaza kidogo. "Nilikuwa nimekwisha changanya. Nikaanza kutenga mifuko miwili pembeni, nisiipulizie. Mjukuu wangu akaniuliza, bibi, hiyo miwili ina nini? Nikamwambia, hiyo ni ya kula sisi. Maneno yakanitoka kinywani nikayasikia mwenyewe. Yaani ile mingine sabini na nane ni ya kula nani? Nikamwaga ndoo shimoni, nikakaa chini."

Nimemwomba ruhusa ya kulisimulia jambo hili redioni na gazetini, naye akakubali kwa sharti nisimtaje jina. Mimi namheshimu zaidi kwa kulisema. Ni wangapi wanaotenga mifuko miwili na wasijisikie?

Sasa turudi kwenye zile siku tatu hadi tano. Dawa ya kuua wadudu kwenye mazao ya chakula huwa na muda wa kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna, ili sumu ipungue. Kwa mahindi au nyanya mkulima anaweza kusubiri wiki moja au mbili. Uyoga hausubiri. Kutoka kichwa cha kiberiti hadi sahani ni siku chache, na ukichelewa umeoza. Zaidi ya hayo, uyoga hauna ganda la kumenya. Ni kama sifongo, na sehemu tisa katika kumi za uzito wake ni maji. Unachoupulizia jioni ndicho utakachokinywa kesho kwenye mchuzi. Tena ile sumu haimfikii adui mwenyewe, kwa kuwa mabuu yamo ndani ya mabua na ndani ya bua la uyoga. Unawaua wachache wanaoruka, na unamlisha sumu mteja wako.

Nchini kwetu kazi ya kusajili viuatilifu ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na yenye makao makuu Arusha. Dawa iliyosajiliwa huwa na kibandiko kinachosema ni ya zao gani na ya mdudu gani. Kitu kilichopimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa hakina zao, hakina mdudu, na pakitokea madhara daktari hatajua aanzie wapi.

Wengine wataniambia, basi tutumie mwarobaini, si mti wa kwetu huo? Mwarobaini ni mzuri kwa mambo mengi, lakini maji yake hudhuru kuvu pia, na uyoga ni kuvu. Nyunyiza nje kwenye ukuta ukipenda, usimwagie mifuko. Wakulima wakubwa wa Ulaya na Marekani hutumia bakteria maalumu wanaoua mabuu ya vijinzi bila kumdhuru mlaji, ndugu wa wale wanaotumika kuua viluwiluwi vya mbu. Ni njia nzuri, ila usichukue dawa ya kumwaga kwenye madimbwi ukaimwagia chakula kwa kukisia. Muulize kwanza bwana shamba au bibi shamba wa kata yako.

Kama tunataka mwalimu wa kutufundisha, yupo na tunampiga teke kila siku: mchwa. Mchwa wa vichuguu ni wakulima wa uyoga, na kazi hiyo wameifanya kwa mamilioni ya miaka kabla ya binadamu kushika jembe. Chini ya kichuguu wana bustani za utando wanaoulisha kwa majani na miti waliyoitafuna, na ule uyoga mtamu unaochomoza kichuguuni wakati wa mvua ni tunda la bustani hizo. Humo ndani pia ni giza, unyevu na joto, kama chumbani kwa mwalimu wetu. Mbona hazioti kuvu za kigeni? Kwa sababu mchwa huziba matundu, hutengeneza upya kila wanachokiingiza, na kuing'oa kila kuvu isiyo yao. Ukiwaondoa mchwa, kwa siku chache tu bustani ile humezwa na magugu. Ulinzi wake ni usafi wa kila siku, basi.

Nasi tufanye hivyohivyo. Chumba kioshwe na kupakwa chokaa kabla ya mifuko kuingia. Dirisha na mlango viwekwe wavu, lakini kumbuka kwamba matundu ya chandarua cha kawaida yanamzuia mbu, si kijinzi. Weka kitambaa cha melimeli au chandarua kilichokunjwa mara mbili, na pazia la pili ndani ya mlango, ili usiingie na wageni mgongoni. Makapi au mabua yasirundikwe karibu na chumba. Lundo bichi linalonuka uchachu ndilo linalowaita.

Mabua yaliyolowekwa yapikwe kwa mvuke ndani ya pipa kwa saa mbili hivi, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Watu wengi huharibu hapa: wanapika vizuri, halafu wanayaanika uani yapoe, na vijinzi vinatua. Ukiyakamua kwa mkono yatoe matone machache tu. Yakitiririka bado ni mabichi mno. Changanya mbegu ndani ya chumba kilichofungwa, mikono imeoshwa kwa sabuni na kupanguswa kwa spiriti. Funga mfuko mara moja, na mdomo wake uzibwe kwa pamba safi inayopitisha hewa lakini haipitishi mdudu. Usiutoboe mpaka utando ujae.

Wakati wa kumwagilia, nyunyiza ukungu wa maji, usimwage. Tundika kipande cha nailoni ya njano kilichopakwa mafuta mazito, kwani vijinzi hupenda rangi hiyo. Jioni weka taa juu ya beseni la maji yenye tone la sabuni. Mitego hii haimalizi wadudu, lakini inakuhesabia. Leo watano, kesho ishirini: ujue kuna tundu mahali, ukalitafute.

Chuma uyoga wote ulio tayari, na visiki usiviache. Mfuko wenye doa la kijani utoe nje ukiwa umefungwa, uuzike mbali. Na la mwisho, ambalo naona ndilo kubwa: usichanganye mifuko mipya na mizee katika chumba kimoja. Mifuko mizee ndiyo kiwanda cha vijinzi. Maliza mchumo wa tatu, toa yote, safisha, acha chumba kikauke siku kadhaa, ndipo ulete mingine. Mwalimu wetu sasa amekigawa chumba chake kwa ukuta wa mbao, mipya huku, mizee kule, kila upande na mlango wake.

Neno langu la mwisho ni kwa sisi tunaonunua. Tukifika soko la Mgandini tunachagua uyoga usio na tundu hata moja, na muuzaji mwenye uyoga uliotobolewa kidogo tunampita. Kwa kufanya hivyo tunampeleka kwenye ile chupa isiyo na jina. Tundu dogo kwenye bua hukatwa kwa kisu, sumu haikatwi. Muulize muuzaji wako anautunzaje uyoga wake, na akikueleza habari za wavu, mvuke na chokaa, mlipe bei yake bila kumkandamiza. Anakutunzia na wewe.

Hadi wiki ijayo, kwa heri.